Mgeni Njoo, Dereva Naye Apone

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo imekuwa kibwagizo cha kila hotuba inayohusu utalii, Bara na Visiwani, na sisi hatuna ugomvi nayo. Neno letu ni moja tu: wenyeji si wa namna moja. Yuko mwenyeji mwenye hoteli, yuko mwenye boti, yuko anayepokea ada na kutoa stakabadhi. Na yuko mwenyeji ambaye huwa wa kwanza kumlaki mgeni na wa mwisho kuagana naye, akamchukulia mizigo yake na kumfikisha aendako. Huyo ni dereva. Wenzake wote huweza kungoja mwisho wa mwezi ndipo wapige hesabu ya faida. Dereva hupiga hesabu kila jioni, na mara nyingi hesabu yenyewe si yake, ni ya mtu mwingine.

Leo twapenda kuizungumzia hali ya madereva wa teksi, bajaji, pikipiki na maboti ya abiria katika mji wa Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tumeichagua Kigoma kwa makusudi. Katika miji yenye watalii wengi, kama vile Arusha au Mji Mkongwe wa Zanzibar, fedha za wageni hutosha kuzifunika kasoro za utaratibu. Kigoma wageni ni wachache, nao huja zaidi katika miezi ya kiangazi. Kwa sababu hiyo kasoro huonekana wazi, kama yaonekanavyo mawe ya ufukweni maji yanapopungua.

Huenda msomaji wetu wa kisiwani akauliza: Kigoma yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara iliyoandaliwa Unguja ilivuka hadi Bagamoyo, ikapita Tabora, na kutua Ujiji kabla ya kuvuka ziwa kwenda Manyema. Wafanyabiashara wa pwani na visiwani, Tippu Tip akiwa mmojawapo, waliijua Ujiji vizuri. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858 kwa njia hiyo hiyo ya misafara, na Stanley alimkuta Livingstone hapo hapo mwaka 1871. Watu wa pwani waliacha Ujiji lugha, dini na miembe, na mpaka leo mzee wa Ujiji na mzee wa Ng'ambo wakikaa baraza moja hawatahitaji mkalimani.

Lakini katika habari hizo zote za watu mashuhuri, iko habari moja ambayo vitabu huipita haraka. Hakuna hata mmoja kati ya wasafiri hao aliyefika ziwani kwa nguvu zake mwenyewe. Walifikishwa na wapagazi. Mpagazi alibeba mzigo begani kwa miezi kadhaa, akavuka mito na nyika. Na ijapokuwa kazi yake ilikuwa ngumu na yenye hatari, wapagazi wengi walikuwa na desturi ya kupatana ujira wao na posho yao kabla ya mzigo kufungwa. Msafara uliovunja mapatano ulikuwa na hatari ya kuamka asubuhi ukakuta mizigo iko chini na wapagazi hawapo. Dereva wa leo ndiye mpagazi wa zama zetu. Swali letu ni hili: je, mapatano yake ya kazi ni bora kuliko ya mpagazi wa zamani?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo la stesheni lililojengwa wakati wa Wajerumani bado lasimama mwisho wa njia hiyo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Abiria ateremkapo hapo, awe mtalii au mwanakijiji, safari yake bado haijaisha. Anayetaka kuona kumbukumbu ya Livingstone lazima apelekwe Ujiji. Anayetaka kuwaona sokwe wa Gombe lazima kwanza apelekwe mwaloni. Hifadhi ya Gombe, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, haina barabara ya gari iingiayo ndani yake. Bibi Jane Goodall alipofika huko kwa mara ya kwanza, tarehe 14 Julai 1960, alifika kwa boti, na hata sasa mgeni hufika kwa njia ya maji. Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985 na yenye eneo la kilomita za mraba 1,613, iko mbali zaidi upande wa kusini, nayo vilevile haina barabara za ndani.

Maana ya hayo ni kwamba kila mgeni wa mkoa huu hupita katika mikono ya madereva wawili kwa uchache: mmoja wa nchi kavu na mmoja wa majini. Wakiharibu hao wawili, hakuna sokwe wala machweo ya jua yatakayoirudisha sifa iliyopotea.

Sasa tumtazame dereva. Wengi wa vijana wanaokaa vijiweni hawamiliki vyombo wanavyoviendesha. Chombo ni cha tajiri, na tajiri hapa si lazima awe mtu wa utajiri mkubwa. Aweza kuwa mwalimu, mfanyabiashara wa sokoni, au mtumishi aliyekopa fedha ili anunue pikipiki moja. Dereva hupewa chombo asubuhi, na jioni hupeleka hesabu, yaani kiasi maalumu cha fedha kilichokwisha kupangwa. Mafuta ni juu yake. Tairi ikipasuka, mara nyingi ni juu yake. Akikamatwa barabarani, faini ni juu yake. Kinachozidi baada ya hayo yote ndio ujira wake, na pasipozidi kitu, hana ujira.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku. Siku njema dereva akapata shilingi 25,000 na kutumia 9,000 kwa mafuta; akimaliza hesabu atabaki na 8,000. Siku ya mvua akapata shilingi 11,000 na kutumia 5,000 kwa mafuta. Akimaliza hesabu atakuwa amepungukiwa na 2,000, ambazo atazikopa au atazidaiwa kesho. Tajiri siku zote mbili amepokea 8,000 zake. Mvua yote imemnyeshea mmoja, ingawa chombo ni cha mwingine. Lau wangegawana sawasawa kinachobaki baada ya mafuta, siku njema kila mmoja angepata 8,000 zile zile, na siku ya mvua kila mmoja angepata 3,000. Siku njema tajiri asingepoteza hata senti, na siku mbaya dereva asingelala na deni.

Iko namna nyingine ambayo vijana huiita mkataba. Dereva hulipa kiasi fulani kila siku au kila wiki kwa muda uliokubaliwa, na muda ukiisha chombo huwa chake. Mpango huu twausifu, kwa kuwa umewapa vijana wengi mali ya kwanza maishani mwao. Lakini mara nyingi mkataba huo ni wa mdomo. Pikipiki ikiibwa mwezi wa mwisho, au tajiri akifariki na warithi wakaja kudai chombo, kijana ana ushahidi gani mkononi? Mali bila daftari, wasemavyo wazee, hupotea bila habari.

Mambo hayo hayaishii kwa dereva. Hesabu isiyopungua ndiyo humfanya akimbize chombo kuliko inavyofaa, apakie abiria wawili au watatu kwa mtindo wa mishikaki, na aendelee na kazi usiku hali amechoka tangu alfajiri. Hesabu hiyo hiyo ndiyo humfanya amwonapo mgeni mwenye mkoba mgongoni amtajie nauli mara tatu ya ile ya jirani yake. Hatusemi hivyo kwa kumtetea. Kumlangua mgeni ni aibu, na kuhatarisha maisha ya mama mjamzito anayepelekwa hospitali ni kosa lisilo na udhuru. Twasema hivyo kwa sababu anayetaka kukausha sakafu hana budi kwanza kuziba paa linalovuja.

Je, sheria zipo? Zipo, tena si chache. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Kanuni za mwaka 2010 kuhusu pikipiki na bajaji za biashara ziliweka masharti ya leseni na kuzishirikisha halmashauri katika kuitoa. Mwaka 2019 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Dereva anatakiwa awe na leseni, chombo kiwe na bima, na dereva na abiria wake wavae kofia ngumu. Yote hayo ni mema, nasi twayaunga mkono. Lakini ukiyasoma kwa makini utaona kwamba mengi yanahusu chombo na mwenendo wa anayekiendesha. Mkono wa dola humkuta dereva barabarani. Ni nadra kumkuta tajiri nyumbani.

Watu wengi, hata baadhi ya maofisa, hudhani kwamba dereva wa hesabu amejiajiri mwenyewe na kwa hiyo sheria za kazi hazimgusi. Twaomba wasome tena. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, imetaja dalili ambazo mojawapo ikiwapo, mtu huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwa dalili hizo ni kwamba mtu amepewa vifaa vya kazi na mwenziwe, au kwamba anamtegemea mwenziwe huyo kiuchumi, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu mmoja kila siku kwa mwaka mzima anakosa dalili ipi hapo?

Na ikiwa ni mwajiriwa, basi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo wa 2004 inampa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na siku ya kazi isiyozidi saa 12 hata kwa malipo ya ziada. Akivunjika mguu kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Hata yule ambaye kwa kweli amejiajiri, Mfuko wa NSSF unapokea michango ya watu wa sekta isiyo rasmi. Haki hizo zimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika vijitabu vingi. Zilipokosa kuandikwa ni kwenye mapatano kati ya tajiri na dereva wake.

Tuingie majini. Kutoka mwalo wa Kibirizi, maboti ya mbao yenye mashine hupakia wanavijiji, magunia, kuku na wageni pamoja, yakielekea kaskazini kupita Gombe hadi vijiji vya karibu na mpaka wa Burundi. Kwa wanavijiji wa huko boti hilo ndilo basi, ndilo gari la wagonjwa na ndilo lori la soko. Meli ya Liemba, iliyoteremshwa majini hapo Kigoma mwaka 1915, ilibeba mizigo ya ziwa hili kwa vizazi, na mwaka 2015 iliwatoa Kagunga maelfu ya wakimbizi wa Burundi. Iliposimama mwaka 2018 kwa kungoja matengenezo, mzigo uliongezeka kwa vyombo vidogo.

Msomaji wa kisiwani hahitaji kufundishwa maana ya chombo kilichojaa kupita kiasi. Twaikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011 na Skagit ya Julai 2012. Ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanaikumbuka Bukoba ya Mei 1996 na Nyerere ya Septemba 2018. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470 panapozidi, na upepo wake huinuka ghafla. Nahodha wa boti la abiria ni dereva kama wa pikipiki: naye ana tajiri, naye ana hesabu, naye kila abiria anayemwacha ufukweni ni fedha anayoiacha ufukweni. Kumwambia asijaze chombo bila kuuliza jioni atapeleka nini kwa tajiri wake ni kusema nusu ya neno. Na jaketi la kuokolea maisha lililofungiwa ndani ya kasha ili lisichakae halimwokoi mtu.

Wako watakaosema kwamba mapatano kati ya tajiri na dereva ni mambo ya watu wawili, na Serikali haifai kuingilia. Jawabu limekwisha kutolewa na Serikali yenyewe. Mwaka 2022 LATRA iliamua kwamba kampuni za teksi zinazoitwa kwa simu zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Kampuni ya Uber ikasimamisha huduma zake nchini mwezi Aprili mwaka huo. Baadaye, mwezi Desemba, kiwango kikapandishwa hadi asilimia 25, na kampuni ikarejea mwaka uliofuata. Mtu aweza kubishana kama kiwango cha kwanza kilikuwa sahihi au la. Lisilobishaniwa ni kwamba mgawo wa nauli kati ya mwenye mtaji na mwenye usukani ni jambo ambalo mamlaka inaweza kulitazama, kulipima na kulirekebisha. Lililowezekana kwa kampuni kubwa ya ng'ambo haliwezi kushindikana kwa tajiri wa Mwanga au Gungu.

Visiwani nako tunayo ya kujifunza na ya kujutia. Kwa miaka mingi mgeni alishukapo bandarini Malindi alizungukwa na papasi, kila mmoja akimvuta upande wake, na teksi ikatajwa bei kwa kutazama viatu vya abiria. Zanzibar ina Sheria ya Utalii ya mwaka 2009 na Sheria ya Ajira ya mwaka 2005. Lakini sheria hizo zitasaidia tu pale dereva mwenyewe atakapoona kwamba kufuata utaratibu kunamlipa kuliko kuukwepa. Kigoma bado ina nafasi ya kupanga mambo kabla papasi hawajawa desturi.

Basi twapendekeza yafuatayo. Kwanza, Manispaa ya Kigoma Ujiji isihuishe leseni ya chombo cha biashara kinachoendeshwa na asiye mwenyewe mpaka yaonekane mapatano ya maandishi, ya ukurasa mmoja, yenye majina ya pande mbili, kiwango cha hesabu au mgawo, siku ya kupumzika, na nani atalipa matengenezo. Nakala moja ibaki ofisini. Gharama yake ni karatasi na muhuri.

Pili, nauli za safari zinazojulikana, kama vile stesheni hadi Kibirizi, uwanja wa ndege hadi mjini, na mjini hadi Ujiji, ziandikwe kwenye ubao mkubwa katika kila kituo, ili mgeni na mwenyeji wasome namba moja. Madereva washirikishwe kuzipanga, na bei ya mafuta ikipanda ubao ubadilishwe.

Tatu, vijiwe vitambuliwe, vipewe kivuli na choo, na kila kijiwe kiwe na viongozi waliochaguliwa na madereva wenyewe. Kijiwe chenye daftari la wanachama kinaweza kumrudi mkosaji kuliko askari kumi. Kijiwe hicho hicho kinaweza kuwa mwanzo wa chama cha akiba na mikopo, ili kijana aliyeendesha cha mwenziwe miaka miwili apate njia halali ya kununua chake.

Nne, mwaloni Kibirizi, Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lenye jukumu la usalama wa vyombo vya majini, lisimamie idadi ya abiria kabla boti halijang'oa nanga, siyo baada ya ajali. Jaketi livaliwe ufukweni. Na shirika la hifadhi, ambalo hupokea ada kwa mgeni yule yule, lina kila sababu ya kusaidia boti lililomleta liwe salama.

Tano, ofisi ya kazi ya mkoa iende vijiweni. Ofisa anayengoja ofisini dereva aje kulalamika atangoja sana, kwa kuwa dereva aliyeacha kazi saa tatu kwenda kulalamika bado atadaiwa hesabu ya siku nzima.

Twajua kwamba wako matajiri watakaosema, tukibanwa tutauza vyombo vyetu. Nao tunawasikia, wengi wao wana mikopo, na vipuri vimekuwa ghali. Lakini dereva aliyelala usingizi hukitunza chombo, na dereva mwenye maandishi hatoroki nacho usiku. Nao madereva twawaambia bila kuwaficha: haki inayodaiwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipakia mishikaki haitasikilizwa na mtu. Kofia ya abiria iwepo, nauli isemwe moja, na ulevi ukae mbali na usukani.

Wakati wenyewe ndio huu. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Reli hiyo italeta abiria wengi zaidi mlangoni pa ziwa, na wote watashuka stesheni wakiwa na mizigo, wakitafuta mtu wa kuwachukua. Wakimkuta kijana aliyechoka, mwenye deni la jana na pikipiki isiyo na breki, tutakuwa tumejenga njia nzuri ya kufikia aibu. Wakimkuta dereva mwenye leseni, mwenye maandishi yake mfukoni na nauli yake ubaoni, hapo tutaweza kuitamka methali ya wahenga bila kuona haya, kwa kuwa mwenyeji wa kwanza kumpokea mgeni naye atakuwa amepona.